Mbwa Hasomi Bango: Asubuhi Moja kwenye Mpaka wa Ekari 40

Kisa chenyewe ni hiki, cha mwindaji wa kulungu aliye kwenye ardhi yake na mwindaji mwenzake anayetumia mbwa. Katikati ya Novemba, mashariki ya jimbo la Virginia, Marekani, mtu mmoja amepanda kwenye dungu lake juu ya mti kabla hakujapambazuka. Ardhi ni yake, ekari 40, na kila upande amepigilia mabango ya kukataza watu kuingia. Amekaa kimya kwa saa mbili. Upepo unampiga usoni. Ndivyo alivyopanga, ili harufu yake isimtangulie. Kulungu jike ametokeza ukingoni mwa kichaka, akasimama, sikio moja amelitega nyuma. Huu ni msimu wa kupandana, na mtu yule juu ya mti anajua kwamba jike akitazama nyuma namna ile, huenda dume liko njiani linakuja.

Ndipo zinaposikika sauti za mbwa. Kwanza mbali, kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde, halafu karibu. Mbwa saba au wanane, mmoja ana mlio mzito wa kuvuta, mwingine anakatakata. Jike anainua mkia wake mweupe, anaruka mara mbili, hayupo. Dakika chache baadaye mbwa wanapita chini ya dungu pua zikiwa chini, hakuna hata mmoja anayetazama juu. Kila mmoja shingoni ana kola ya rangi ya machungwa yenye antena fupi, na kibati kilichochongwa namba ya simu.

Nusu saa baadaye pikapu inasimama kando ya barabara. Mzee mmoja anashuka, anaacha bunduki ndani ya gari, anavuka mpaka kwa miguu akiwa na kamba mkononi. Mwenye ardhi ameshateremka na anamsubiri.

"Bwana, hapa ni kwangu. Mabango umeyaona."

"Nimeyaona, bwana. Nimefuata mbwa wangu tu. Bunduki nimeiacha garini."

"Na Jumamosi iliyopita ulifuata nini?"

Mzee hajibu. Anapiga mluzi.

Watu hawa wawili sikuwapa majina kwa sababu asubuhi hii si ya mtu mmoja. Inajirudia kila msimu wa kulungu mashariki ya Virginia, na nimeikusanya hapa kuwa kisa kimoja ili tuigeuzegeuze na kuona kosa liko wapi. Wanaoijadili hukimbilia kumtafuta mkorofi. Wenye mbwa husema mwenye ardhi ni mgeni aliyehamia juzi, hajui desturi. Wenye ardhi husema wenye mbwa ni wahuni wanaojificha nyuma ya mbwa. Wakorofi wapo, pande zote mbili, sikatai. Lakini ukiwaondoa wote ukabaki na watu wawili waungwana kama hawa, ugomvi bado uko palepale, na huo ndio unaonisumbua.

Safu ya milima ya Blue Ridge inaligawa jimbo. Magharibi ya milima, kuwinda kulungu kwa mbwa ni marufuku. Mashariki, kwa sehemu kubwa, ni halali, na ni desturi ya zamani sana. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alifuga mbwa wa kuwindia, na mwaka 1785 Lafayette, jenerali Mfaransa, alimpelekea mbwa kutoka Ufaransa. Kutokana na damu za namna hiyo akapatikana mbwa aitwaye American Foxhound, ambaye mwaka 1966 alitangazwa kuwa mbwa rasmi wa jimbo. Kwa hiyo mzee mwenye kamba anapoambiwa kwamba uwindaji wake ni uhuni, anasikia kama ametukaniwa babu yake.

Uwindaji wenyewe unakwenda hivi: mbwa wanafunguliwa upande mmoja wa msitu, wawindaji wamejipanga upande wa pili, kwenye vijia na mapengo ambako kulungu atatokea. Kisha kila mtu anasikiliza. Mwenye mbwa anamjua wake kwa sauti kama mama anavyomjua mwanawe kwa kilio. Atakuambia yupi ameshika harufu, yupi ameipoteza, yupi anadanganya. Katika vinamasi na vichaka vya miiba vya nyanda za chini, mahali ambapo mtu haoni hatua kumi mbele, bila mbwa unaweza kukaa siku nzima kulungu wakiwa wamelala karibu nawe wala usijue. Tena ni uwindaji wa pamoja. Vijana na wazee, weusi na weupe, hukutana katika klabu zao, na asiye na ardhi naye hupata nafasi kwa kuchanga pamoja na wenzake kukodi msitu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa, maana uwindaji wa dunguni unahitaji mtu awe na kipande chake, au awe na jamaa mwenye nacho.

Huyu wa juu ya mti naye, raha yake iko kwenye ukimya. Amesoma upepo, amefua nguo bila sabuni yenye manukato, amejifunza kulungu wake wanapita wapi wakitoka kulala. Huenda kwa mwaka mzima ana mapumziko ya mwisho wa juma mawili au matatu tu ya kuwinda. Mbwa wanapopita chini yake dakika mbili, kwake hazikupotea dakika mbili, imepotea asubuhi nzima, na pengine msimu.

Hapa kuna jambo ambalo pande zote mbili hulitia chumvi. Wa dunguni husema mbwa wakishapita, kulungu wamehama, hawarudi. Utafiti wa kulungu waliofungwa redio za kufuatilia mwendo wao na kukimbizwa na mbwa kusini-mashariki mwa Marekani, uliochapishwa mwaka 1971, ulionyesha kwamba kulungu wengi hurudi kwenye eneo lao ndani ya muda mfupi, mara nyingi siku moja tu. Kwa hiyo hofu ya kufukuziwa kulungu moja kwa moja haina msingi mkubwa. Lakini utafiti huohuo una tarakimu nyingine ambayo wenye mbwa hawapendi kuitaja. Katika mbio 65 zilizopimwa, wastani ulikuwa dakika 33 na umbali wa maili 2.4, karibu kilomita 4. Ndefu kuliko zote ilipita maili 13.

Sasa chukua ekari 40 za bwana yule. Zikiwa za mraba, kila upande ni robo maili, yaani mita 400. Kulungu anayekimbia maili 2.4, hata akizunguka vipi, atakata mipaka ya mashamba mangapi ya ukubwa huo? Ukishapiga hesabu hii, mambo mengi yanakaa mahali pake. Mbio za mbwa hazijarefuka tangu enzi za Washington. Kilichobadilika ni vipande vya ardhi, ambavyo vimefupika.

Kwa miongo mingi misitu mikubwa ya kusini ilikuwa mikononi mwa kampuni za mbao na karatasi, nazo zilikodisha maelfu ya ekari kwa klabu za uwindaji. Mbwa angekimbia mbio yake yote na bado yuko kwa mwenyeji mmoja. Kisha kampuni hizo zikaanza kuuza. Mwaka 2006 kampuni ya karatasi ya International Paper peke yake iliuza zaidi ya ekari milioni 5 nchini Marekani, nyingi zikiwa kusini. Ardhi ikapita mikononi mwa wawekezaji, baadhi yao wakaikata vipande, vipande vikawa nyumba za watu wa mijini, mazizi ya farasi, na madungu ya watu kama huyu wetu. Klabu ikabaki na msitu uliotobokatoboka kama nguo iliyoliwa na nondo. Mbwa wakafunguliwa palepale walipofunguliwa siku zote.

Sheria ya Virginia inasema nini juu ya mzee aliyevuka mpaka? Inamruhusu. Mbio zikianzia kwenye ardhi nyingine, mwindaji anaweza kuingia ardhi iliyokatazwa ili kuwachukua mbwa wake. Haruhusiwi kuwa na bunduki wala upinde, haruhusiwi kuwinda akiwa humo, na haruhusiwi kuingiza gari bila idhini ya mwenye ardhi. Akiulizwa yeye ni nani akakataa kwa makusudi kujitambulisha, ametenda kosa. Wawindaji wa mbweha na wa rakuni, mnyama mdogo wa msituni, wana nafuu zaidi: wao wanaruhusiwa hata kuwafuata mbwa wao wakiwa wanakimbiza. Kwa hiyo mzee wetu, alipoacha bunduki garini na kuja kwa miguu, alifuata sheria neno kwa neno. Tena sheria nyingine ya jimbo inasema kwamba mwenye ardhi akimvua mbwa kola yake ya mawasiliano bila ridhaa ya mwenyewe, kwa nia ya kumzuia asimpate mbwa wake, kosa ni la mwenye ardhi.

Upande wa pili, iko sheria inayomtia hatiani mtu anayewafungulia mbwa kwa makusudi kwenye ardhi ya mwingine iliyowekewa mabango. Faini ya mara ya kwanza inaweza kufika dola 500, na akirudia ndani ya miaka 3 anaweza hata kufungwa jela. Ukiisoma haraka unadhani mwenye ekari 40 amelindwa. Rudi kwenye neno "makusudi". Mzee hakuwafungulia mbwa ndani ya ekari 40. Aliwafungulia nusu maili kutoka pale, kwenye msitu ambao klabu yake imeulipia. Kwamba kulungu wa msitu ule siku zote hukimbilia kijito, na kijito kinapita kwa jirani, hilo kila mtu pale analijua. Lakini kujua si kukusudia, angalau mbele ya hakimu, na sijui mwendesha mashtaka gani angejitosa kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mtu alipofungua mlango wa kizimba cha mbwa. Ndiyo maana swali la mwenye ardhi, "na Jumamosi iliyopita?", ndilo swali la maana kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile. Mbwa wakipita mara moja, ni bahati mbaya. Wakipita kila Jumamosi kwenye njia ileile, mtu amekuwa akiwinda ekari 40 za mwenzake bila kukanyaga humo.

Hapa ndipo kola ya machungwa inapobadilisha kesi. Zamani mwenye mbwa alikuwa na sikio lake tu. Mbwa wakivuka kilima, sauti ikipotea, kweli hakujua wako wapi. Alizunguka barabarani hadi usiku, wakati mwingine hadi kesho yake. Huruma ya sheria kwake ilikuwa na maana. Leo ana kifaa mkononi chenye ramani, kila mbwa ni alama inayotembea, na ramani inaweza kumwonyesha mipaka ya viwanja. Kola nyingi zina uwezo wa kumpa mbwa mlio au mtikisiko wa kumwita, na mbwa aliyefunzwa hugeuka. Mzee alikuwa na habari kwamba mbwa wanaelekea kwenye kijito kabla mtu wa dunguni hajasikia sauti ya kwanza. Haki ya kufuata mbwa aliyepotea ilitungwa kwa ajili ya mbwa aliyepotea. Mbwa huyu hakupotea hata dakika moja.

Nasema haya nikiwa upande wa mbwa, nataka hilo lieleweke. Kumzuia mtu asimfuate mbwa wake si suluhisho. Mbwa aliyebaki kwenye ardhi ya mtu usiku wa Novemba ataishia barabarani, au atapigwa risasi, au atakufa njaa, na kati ya viumbe wote wa kisa hiki yeye ndiye pekee asiye na hila. Ukifuta haki ile leo bila kugusa kingine, mbwa wataendelea kuvuka kama kawaida, tofauti itakuwa tu kwamba hakuna wa kuwatoa.

Hata hivyo haki yenyewe inapata msukosuko. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Cedar Point Nursery, kwamba kanuni ya California iliyowaruhusu waandaaji wa chama cha wafanyakazi kuingia mashambani mwa watu, hadi saa 3 kwa siku kwa siku 120 za mwaka, ilikuwa sawa na serikali kutwaa mali bila fidia. Wenye ardhi wa Virginia waliisoma hukumu hiyo na kujiuliza: kama chama cha wafanyakazi hakiwezi kuingizwa kwangu kwa nguvu ya kanuni, kwa nini mwenye mbwa aweze? Baadhi yao walilipeleka swali hilo mahakamani dhidi ya idara ya wanyamapori ya jimbo. Nalielewa dai lao. Katiba ya Virginia nayo, tangu mwaka 2000, inatambua haki ya watu kuwinda na kuvua, na wenye mbwa hukishika kifungu hicho kama ngao. Lakini kuwa na haki ya kuwinda hakukupi haki ya kuwinda kwa jirani, na kifungu chenyewe kinaiweka haki hiyo chini ya kanuni za bunge.

Majimbo mengine yalifika kwenye njiapanda hii mapema. Texas ilikata mzizi: mwaka 1990 ilipiga marufuku kuwinda kulungu kwa mbwa jimbo zima. Huko misitu ya mashariki ya Texas desturi ilikuwa nzito, na walinzi wa wanyamapori waliendelea kukamata watu kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2012 huduma ya misitu ya serikali kuu ilifanya vivyo hivyo kwenye msitu wa taifa wa Kisatchie, Louisiana, na wenye mbwa wakaenda mahakamani. Marufuku inamtuliza mwenye dungu, sikatai, lakini inamwadhibu sawasawa mwenye mbwa anayewinda kwenye ekari elfu tano na yule anayewinda kwenye ekari hamsini, wakati tatizo ni la huyu wa pili.

Georgia ilitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 2003 huwezi kuwinda kulungu kwa mbwa huko bila kibali cha ardhi husika, na kibali hakitolewi ila ardhi iwe imeungana na iwe na ukubwa unaotosha: ekari 1,000 kama imekodishwa, ekari 250 kama ni ya mmiliki mwenyewe. Namba ya kibali inaandikwa kwenye magari na kwa mbwa. Mwenye ekari 40 akiona mbwa chini ya dungu lake anajua ametoka klabu gani, na klabu inajua kwamba inajulikana.

Nimejaribu kuipima kanuni hiyo kwa tarakimu ileile ya maili 2.4, na haipiti bila doa. Ekari 1,000 za mraba zina upande wa maili moja na robo hivi. Kulungu akianzia katikati yake na kukimbia moja kwa moja, atakuwa ametoka kabla mbio hazijafika nusu. Kinachoiokoa ni kwamba kulungu huzunguka, hapendi kuacha eneo analolifahamu, na pia kwamba klabu yenye kibali cha kupoteza hujifunza haraka kutofungua mbwa karibu na ukingo. Mimi naona huko ndiko penye akili: sheria ya Georgia inashughulika na mahali mbwa anapofunguliwa. Ya Virginia inasubiri mpakani, mahali anapofika, wakati asubuhi imeshaharibika na watu wawili wameshakutana na hasira zao.

Ningekuwa na sauti pale, ningeiacha haki ya kumfuata mbwa ilivyo, nikaifunga kwenye masharti mawili. La kwanza ni namba inayosomeka kwa mbali kwenye kola na kwenye gari, ya klabu, si ya simu tu. La pili ni kwamba mbwa wa klabu moja wakivuka mpaka uleule tena na tena ndani ya msimu mmoja, hakuna haja ya kumwuliza mtu alikusudia nini. Kule kurudia kwenyewe kuwe ndiko kosa, na klabu ipoteze nafasi ya kuwafungulia mbwa kwenye kipande kile. Mwaka 2008 idara ya wanyamapori ya Virginia iliwakutanisha wenye mbwa, wenye ardhi na wawindaji wengine kulizungumza jambo hili, na haki ya kufuata mbwa ndiyo iliyokuwa mfupa mgumu. Utaendelea kuwa mgumu maadamu kila upande unaogopa kwamba ukilegeza kidole, mwenzake atachukua mkono. Na hapo pembeni wako wasiopenda uwindaji wa aina yoyote, wanatazama tu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kuna kitu kimoja katika kisa hiki ambacho hakihitaji sheria wala mahakama, na kinaniuma kwamba hakikutumika. Ni ile namba ya simu kwenye kibati. Mwenye ardhi aliiona. Mbwa mmoja alisimama kunywa maji kijitoni, mwenye ardhi akaisoma. Hakupiga, kwa sababu wiki iliyopita alimpigia mtu mwingine akatukanwa. Mzee naye angeweza kupiga kwanza, jioni ya Ijumaa, aseme kesho tunafungua upande wa mashariki, wewe utakuwa dunguni au la? Kama atakuwa dunguni, mbwa wafunguliwe upande wa magharibi hadi saa nne asubuhi, wa dunguni aondoke na mawindo yake au bila mawindo. Ziko klabu zinazofanya hivyo na jirani zao, kila Ijumaa, msimu mzima.

Mbwa wa mwisho alikuja kwa mluzi akiwa amelowa hadi tumboni. Mzee akamfunga kamba. Mwenye ardhi akamwonyesha mahali pa kupita, pembezoni, mbali na dungu, akatembea nyuma yake hadi barabarani.